Nyundo Haogopi

"Ikram, hayo maoni yafute."

Ujumbe ulitoka kwa Cornel, admini wa kundi. Ikram aliusoma mguu wake ukiwa bado kwenye pedeli ya cherehani, gauni la mteja likining'inia upande mmoja.

"Siyafuti," akajibu. "Humu tulikubaliana kuambiana ukweli."

"Ukweli sawa. Lakini hapo umemchoma mwenzio."

"Achomeke."

Kundi lao la WhatsApp liliitwa Ulingo wa Kalamu. Kila mwanachama alibuni mwanamieleka wake, akamwandikia tambo kabla ya pambano, na mwanamieleka wa aliyeandika vizuri kuliko wote ndiye aliyeshinda. Sharti lilikuwa moja: kabla ya matokeo, kila mtu asome kazi za wenzake na aseme palipokaa sawa na palipolegea.

Ikram, fundi cherehani wa Majengo, Dodoma mjini, alikuwa na Malkia Tufani. Mwanamume aitwaye Zaidi, bwana mifugo wa kule kijijini Kibakwe, alikuwa na Nyundo. Na Zaidi ndiye aliyekuwa mchumba wake.

Asubuhi ile Zaidi alikuwa ameweka kazi mpya. Nyundo amepoteza sauti. Anapanda ulingoni mara ya mwisho, anawapungia mashabiki mkono, anatabasamu, anaondoka. Watu wakamwaga makopakopa. Ikram akaandika hivi:

"Nimesoma. Mwanzo uko vizuri. Nyundo anapoanza kuaga, kazi inakufa. Mtu anapoteza sauti yake halafu anatabasamu tu? Haogopi? Hakuna mtu wa hivyo. Umeandika ili tukuonee huruma, na anayetafuta huruma huwa kuna jambo analificha. Sikuamini hata mstari mmoja."

Wenzake walidhani anamsema Nyundo. Zaidi alijua anasemwa nani.

Walianza kupendana hapo hapo kwenye maoni. Ikram alipoweka kazi yake ya kwanza, wote walimsifia. Zaidi peke yake ndiye aliyeandika: "Dada, Malkia Tufani anatukana tu. Bado sijajua anataka nini. Tukijua anachotaka, hata akinyamaza tutamwogopa." Ikram alinuna siku nzima, kisha akaandika upya, akashinda. Akamfuata inbox kumshukuru. Kutoka inbox wakafika kwenye simu. Zaidi alikuwa na sauti nzito, ya taratibu. Alikuwa akimsomea kazi zake mwenyewe simuni.

"Umesikia hapo?" angemuuliza. "Sentensi imejikwaa."

"Rudia."

Naye angerudia mpaka Ikram apajue.

Posa ilipelekwa, ikakubaliwa. Kisha Zaidi akaacha kupokea simu. "Niko kikaoni." "Mtandao mbovu, tuchati tu mpenzi." Mwisho wa mwezi hakuja mjini, na mwezi uliofuata pia hakuja. Halafu mteja mmoja mwenyeji wa Kibakwe, akipimwa kiuno, akasema hivi hivi tu:

"Yule bwana mifugo wenu? Nilimwona anapanda gari na mwanamke. Amemshika mkono kabisa."

Ndiyo maana aliyaandika maoni yale kwa hasira.

Kabla ya jua kuzama Zaidi alijibu kundini: "Asante kwa maoni. Nimeyapokea." Kisha akajitoa kwenye kundi. Baadaye ukaja ujumbe mwingine, wa Ikram peke yake:

"Ikram, uko huru. Wazee nitawaeleza mimi. Tafuta mtu mwingine."

Alipiga. Simu ilikuwa imezimwa.

Kesho yake iliita namba asiyoijua.

"Ikram? Mimi Sikudhani, dada yake Zaidi."

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nisikilize, wifi yangu. Amenikataza kukupigia, lakini siwezi tena. Ile siyo hadithi."

"Ipi?"

"Ile ya Nyundo. Zaidi ana saratani ya koo. Mimi ndiye niliyemfuata Kibakwe kumleta hospitali. Yuko kwangu hapa hapa Dodoma, Chang'ombe, muda wote huu. Wiki ijayo anapelekwa Dar, wanatoa sanduku lote la sauti, hatasema tena."

Ikram alikaa kwenye kiti cha cherehani, mkasi mkononi, mpaka Sikudhani akaita, "Halo? Halo?"

Ikram alimkuta Zaidi kibarazani, mtandio wa dada yake umezungushwa shingoni. Alikuwa amekonda hadi shati limekuwa kama la kuazima. Alipofungua mdomo, kilichotoka hakikuwa sauti ile. Kilikuwa mkwaruzo, kama mtu anayeburuta bati juu ya changarawe.

"Nani kakwambia?"

"Zaidi, ulikuwa hapa hapa mjini. Nilikuwa napita barabara hiyo kwenda kununua vitambaa."

"Najua. Nilikuona."

"Uliniona?"

"Mara mbili."

Ikram alilia kwa kwikwi, kitambaa mdomoni. Zaidi alimwacha alie.

"Nisamehe yale niliyoandika," alisema mwishowe. "Nilidhani una mwanamke."

"Yalikuwa maoni mazuri."

"Usinifanyie hivyo."

"Nasema kweli." Alimeza mate kwa shida, akafumba macho mpaka maumivu yakapungua. "Uliona palipolegea. Niliandika kwamba haogopi. Nilikuwa najaribu kama nitajiamini mwenyewe nikisoma. Wote walinisifia. Wewe ukasema hakuna mtu wa hivyo."

Kidevu kikamcheza.

"Naogopa, Ikram. Naogopa sana."

Hapo ndipo Ikram alipomshika mikono yote miwili.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulipenda sauti. Uliniambia mwenyewe. Sasa nikuoe halafu nishindwe hata kukuita kutoka jikoni?"

"Utagonga sufuria."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Sikudhani alitoka na maji, akawakuta hivyo, akayaweka chini, akarudi ndani.

Jioni ile Ikram alimkabili baba yake, Mzee Abubakari, alipotoka msikitini.

"Baba, naomba ndoa ifungwe kabla hajaenda Dar."

"Unajua unachokiomba?"

"Najua."

"Hujui. Mimi nimemuuguza mama yako mpaka mwisho. Nilikuwa nambeba kama mtoto. Najua ninachokukataza."

"Ulijuta kumuoa?"

Mzee Abubakari alivua kofia yake, akaipapasa, akaivaa tena.

"Hata siku moja," alisema. Kisha, bila kumwangalia: "Waambie ndugu zake waje Ijumaa, baada ya swala."

Ijumaa wanaume walikaa kwenye mkeka sebuleni. Ikram alikuwa chumbani na wanawake, pazia limeshushwa, hina haijakauka vizuri mikononi. Asubuhi hiyo Zaidi alikuwa ameamka hana sauti kabisa. Sikudhani alimnong'oneza habari hiyo huku akimfunga ushungi.

Shehe alisema kwa upole:

"Bwana Zaidi, sauti ikikataa, ishara inatosha. Dini haina uzito huo. Tikisa kichwa tu."

Zaidi alikataa kwa mkono.

Mzee Abubakari alimshika kiganja. "Nimekuoza binti yangu, Ikram, kwa mahari tuliyokubaliana."

Kikohozi. Mtu akasogeza glasi ya maji. Ikram aliling'ang'ania pazia. Akasikia pumzi ikivutwa, ikakwama, ikavutwa tena. Halafu neno moja moja, kila moja likitoka na maumivu yake:

"Nimekubali... kumuoa... Ikram."

Wanawake hawakupiga vigelegele mara moja. Sikudhani ndiye aliyeanza, machozi yakimtiririka, na wengine wakamfuata.

Siku chache baadaye walikwenda Dar. Daktari aliwaeleza yote: uvimbe ulikuwa umesogea kuliko walivyotarajia, wangetoa wanachoweza, mengine yangejulikana mbele ya safari. Ikram alisaini pale panaposainiwa na mke. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji Zaidi alimshika shavu, kisha wakamsukuma ndani.

Alipozinduka alikuwa na bomba shingoni, na macho yake yalihangaika darini, ukutani, mlangoni. Alikuwa akimtafuta. Ikram alikuwa amesimama nyuma ya kitanda, akimkunjia shuka muuguzi. Akasogea.

Zaidi alimwona. Midomo yake mikavu ikafunguka, ikajikusanya, ikafungana kwenye herufi ya mwisho. Hapakutoka hata mvumo. Akajaribu tena, woga ukimjaa usoni, mkono ukipapasa bomba.

Ikram aliusoma mdomo ule. Akainama mpaka paji la uso likagusana na lake, akaushusha ule mkono polepole.

"Abee," akaitika. "Nimekusikia, mume wangu. Abee."