Bomba Lililopasuka Mara Tatu

Mkuu wa ofisi ya maji alikuwa mchapakazi. Kila siku alifika kazini kabla mlinzi hajamaliza zamu. Lakini ukali wake ulikuwa wa kupindukia. Fundi akikosea, alifokewa mbele ya wenzake. Wafanyakazi walimwita Radi, bila shaka akiwa hayupo.

Mwaka huo bomba la kwenda hospitali lilipasuka mara tatu, mahali palepale. Mara ya tatu, binti yake alikuwa wodi ya wazazi. Alikuwa amejifungua asubuhi hiyo. Mkuu alipokwenda kumwona mjukuu, alimkuta mkewe akipanda ngazi na dumu la maji kila mkono, jasho linamtiririka.

"Mjukuu wako hata hajaogeshwa," mkewe alisema. "Bomba lenu hilo!"

"Mafundi wangu ni wazembe. Kesho watanitambua!"

Jirani yao, muuguzi mkuu mstaafu, alikuwa amekuja kusaidia kubeba maji. Akatua dumu lake.

"Shemeji, ukiwafokea, huwa wanakwambia nini?"

"Hawasemi kitu. Wanainamisha vichwa tu."

"Basi shida yenyewe ndiyo hiyo. Nilipokuwa naongoza wodi, muuguzi mmoja alichanganya dawa za wagonjwa wawili. Akaja mbio kuniambia, tukawawahi. Ningekuwa mtu wa kufoka, angenyamaza, na mgonjwa angetufia. Nilimshukuru. Kisha tukakaa wote tukaulizana, imekuwaje? Kumbe chupa zilifanana, na zilikaa rafu moja. Tukazitenganisha. Kosa lile halikurudi tena."

"Kwa hiyo mtu akikosea nimchekee?"

"Nani kasema? Mvivu mwambie uvivu wake, tena faraghani. Lakini anayeleta kosa mezani, msikilize. Na uanze wewe. Wakikusikia unakiri lako, watapata moyo wa kusema yao."

Asubuhi iliyofuata mkuu aliwakusanya wafanyakazi stoo.

"Bomba limepasuka mara tatu, na mara zote nimefoka bila kuuliza sababu. Hilo ni kosa langu. Leo nauliza. Nani anajua?"

Mtunza stoo akakohoa. Karani akatazama kucha zake. Mkuu aliona hasira inampanda, akaimeza. Akageuza ndoo tupu, akaikalia, akangoja.

Hatimaye fundi mkongwe alisema, "Mkuu, uliagiza koki kubwa ifunguliwe yote kwa mkupuo, saa kumi na mbili kamili. Maji yanakwenda kwa kishindo, yanagonga pale kwenye kona. Inatakiwa ifunguliwe polepole, kama robo saa hivi. Nilijua tangu mara ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia, mkuu. Ukasema nifunge mdomo, nifungue koki."

Mtu mmoja akacheka, akajiziba mdomo haraka. Mkuu alihisi masikio yanawaka moto. Kisha naye akacheka.

"Agizo lile nimelifuta," alisema. "Na wewe utawafundisha wenzako."

Tangu hapo, kila Ijumaa walikaa nusu saa. Kila mmoja alieleza kilichoharibika na alichojifunza. Karani aliandika katika daftari lililowekwa karibu na mlango, ili zamu inayoingia isome. Wiki mbili za kwanza waliosema walikuwa wachache. Wiki ya tatu msoma mita alikiri kwamba alikuwa akiruka mtaa mmoja kwa kuogopa mbwa. Walicheka mpaka machozi, kisha wakampa mwenzake wa kwenda naye.

Bomba halikupasuka tena. Hospitali haikukosa maji hata siku moja, na foleni ya walalamikaji dirishani ikapungua.

Siku moja mkuu alikuwa akieleza mpango mpya wa zamu. Karani akainua mkono.

"Samahani, mkuu, hapo umekosea. Mpango huo tuliujaribu mwezi wa tatu, ukatushinda. Uko ukurasa wa tisa."

Wote wakageuka kumtazama mkuu. Naye akavaa miwani yake, akasogeza kiti.

"Hebu lete hilo daftari," alisema, "tusome wote."