Daftari Safi na Nyonga ya Bibi

Kila siku ya shule, kabla ya kufunga kamba za viatu, msichana alipitia chumbani kwa bibi yake kumwamkia. Bibi alikuwa hasimami tangu apatwe na kiharusi mwaka uliopita. Miguu na kiuno havikumtii tena, ila ulimi wake haukupungukiwa na kitu. Yeye ndiye aliyempachika mjukuu jina la Kachero, kwa kuwa mtoto huyo wa darasa la sita hakuweza kuona sufuria imefunikwa asiifunue.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Kachero. Umelala, au umekesha ukipeleleza?"

Saa moja na nusu alifika dada mhudumu, aliyeletwa na shirika la huduma za nyumbani. Alikaa na Bibi mpaka mama arudi kutoka kiwanda cha kushona nguo. Alimwogesha, alimlisha, alimpa dawa, na juu ya yote alitakiwa kumgeuza ubavu kila baada ya saa mbili. Mgonjwa akilalia upande mmoja kutwa nzima, nyama hukosa damu na ngozi huanza kufa. Kila alichokifanya, dada alikiandika katika daftari lililoning'inia msumarini.

Daftari hilo ndilo lililomtia Kachero wasiwasi. Lilikuwa safi mno. Saa mbili, ubavu wa kulia. Saa nne, ubavu wa kushoto. Saa sita, kulia. Siku nenda siku rudi, bila kuchelewa hata dakika tano. Hata kengele ya shule yao haikuwa na adabu kiasi hicho. Tena Kachero alikuja kula mchana saa saba, wakati ambao kwa mujibu wa daftari Bibi alipaswa kulalia kulia na kutazama ukuta. Kila siku alimkuta amelalia kushoto, macho dirishani, akimtazama fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara akigombana na wateja wake.

"Dada, mbona Bibi yuko vilevile?" aliuliza siku moja.

"Nimemrudisha sasa hivi tu, mdogo wangu," dada alijibu, macho yake ndani ya beseni. Bibi naye akashikwa na kikohozi ambacho asubuhi hakikuwepo.

Mashaka yakishapata mlango, hayaingii peke yake. Kachero akaanza kuona mengine. Kopo la maziwa ya Bibi lilipungua upesi. Macho ya dada yalikuwa mekundu baadhi ya siku, bila shaka kwa usingizi wa mchana. Na ule mkoba wake mkubwa, mtu wa kuogesha wagonjwa aubebe wa nini?

Siku ya Alhamisi aliokota jani kavu njiani, akalitia chini ya shuka nyuma ya mgongo wa Bibi, mahali ambapo lazima angepalalia akigeuzwa. Saa saba aliingiza mkono kimya kimya. Jani lilikuwa zima. Akaenda msumarini na kusoma: Saa sita, ubavu wa kulia.

Jioni alimweleza mama yake kila kitu. Alieleza habari ya jani. Kisha, kwa kuwa hasira ilikuwa imempanda, akaongeza kwamba dada analala kazini na anakunywa maziwa ya mgonjwa. Aliyasema kama mtu aliyeshuhudia.

Mama aliinamisha kichwa. "Jumamosi mkaguzi wa shirika anakuja kupima huduma. Tutayasema mbele yake."

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo aliyewahi kuwa muuguzi, mwenye sauti ya upole na macho yasiyo na haraka. Aliketi kando ya kitanda, akalipekua daftari. Dada alisimama karibu na mlango akijifutafuta mikono iliyokwisha kukauka.

"Kazi nzuri kwa maandishi," alisema mkaguzi. "Bibi, unageuzwa?"

"Nageuzwa mpaka naona kizunguzungu," Bibi akajibu.

Mkaguzi akaweka alama kwenye fomu yake. Kachero aliona ile kalamu ikitembea, akaona kwamba akinyamaza mambo yatakwisha hivyo hivyo. Akapiga moyo konde.

"Hageuzwi," alisema. Akaeleza habari ya jani mwanzo hadi mwisho. "Halafu analala. Na maziwa anayanywa yeye."

Mkaguzi aliweka kalamu chini.

"Jani uliliona kwa macho yako?"

"Ndiyo, mama."

"Na maziwa?"

Wote walikuwa wakimtazama, dada akiwa wa kwanza.

"Kopo linapungua upesi," alisema kwa sauti ndogo.

"Sijakuuliza kopo. Nimeuliza kama ulimwona akinywa."

"Hapana. Nilidhani tu. Na kulala pia sikumwona."

Mkaguzi hakumkemea. Alimwomba Bibi ruhusa, akafunua shuka. Kwenye nyonga ya kushoto palikuwa na alama nyekundu pana kama kiganja cha mtoto. Aliibonyeza kwa kidole. Haikugeuka nyeupe hata kidogo, ishara kwamba nyama ya chini imeanza kuumia.

"Ngozi haijui kusoma daftari," alisema. "Wiki moja zaidi, hapa pangefunguka. Kidonda cha namna hii kinaweza kufika mfupani, na mtu wa umri huu anaweza kufa nacho."

Mama akamgeukia dada. "Nilikuachia mzazi wangu. Kuanzia leo usikanyage hapa."

Dada alianza kuvua aproni yake, machozi yakimdondoka. Hapo ndipo sauti ya Bibi ilipotoka, nayo haikuwa na mzaha.

"Mwache. Mimi ndiye niliyekataa. Kila akinigeuza, nilikuwa nalia anirudishe. Upande ule kuna ukuta mtupu. Ukuta nitautazama vya kutosha nikiwa kaburini. Nikamwambia aandike tu, nani atajua? Na maziwa nayanywa mimi, vikombe viwili viwili."

"Kwa nini uliandika usichokifanya?" mkaguzi alimuuliza dada.

"Nilimhurumia, mama. Nikaogopa pia. Mstari ukibaki wazi, ofisini tunaulizwa. Niliona nyonga ikianza kuwa nyekundu, na nyumbani nikawa silali kwa mawazo. Lakini nilikuwa nimekwisha kuandika kurasa nzima. Ningeanzia wapi kusema?"

Kachero alihisi uso unamuwaka. Macho mekundu aliyoyaona hayakuwa ya usingizi wa mchana.

"Mama," alimwambia mama yake, "nimeona na mengine. Hajakosa kuja hata siku moja, hata siku za mvua kubwa. Anamwogesha Bibi vizuri, kucha anamkata, wala Bibi hanuki. Hayo nimeyaona, sikuyadhani. Nilikuwa sijayasema tu."

Mama alikaa chini. "Arudi Jumatatu," alisema. " Lakini tukidanganyana tena, sitakuwa na neno la pili."

Mkaguzi hakuliacha hivyo. Alimpa dada onyo la maandishi na kumpangia wiki mbili za kukaguliwa kila siku. Kisha yeye mwenyewe akakiri kosa lake: miezi mitatu alikuwa akitoa alama kwa kusoma daftari bila kumtazama mgonjwa. Halafu akauliza kama kuna chumba ambacho mtu akigeuka huku na huku haoni ukuta.

Kachero ndiye aliyejibu. Sebuleni kulikuwa na dirisha la barabarani upande mmoja na mlango wa jikoni upande wa pili. Adhuhuri hiyo hiyo makochi yalihamia chumbani na kitanda kikahamia sebuleni. Tangu hapo Bibi akilalia kushoto alimsimanga fundi baiskeli, akilalia kulia aliisimanga mboga ya mama.

Wiki mbili baadaye nyonga ilikuwa imerudia rangi yake. Daftari sasa lilikuwa na makovu: mistari iliyofutwa, na mahali pengine palipoandikwa, "Amekataa, anasikiliza redio. Amegeuzwa saa nane na nusu." Mkaguzi alilisoma akitabasamu, akamwita Kachero.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema. "Bibi na dada walifichiana kwa huruma, na huruma ya uongo karibu izae kidonda. Wewe ulishuku, ukauliza, na ulifanya vizuri. Lakini ulipochanganya ulichokiona na ulichokidhani, nusura mtu apoteze kazi kwa maziwa ambayo hakuyaonja. Ukishuku, chunguza. Ukisema, sema ulichokiona, kizuri na kibaya."

Kachero aliitikia kwa kichwa. Tangu siku ile ya Jumamosi kulikuwa na neno moja lililomkaa kooni, naye hakutaka kulala nalo tena. Alikwenda jikoni, ambako dada alikuwa akikamua kitambaa cha kuogeshea.

"Dada, naomba unisamehe kwa yale ya maziwa."

Dada akamsogezea beseni.

"Nimekusamehe, mdogo wangu. Haya, shika upande huo. Saa kumi imefika, na leo tunamgeuza sote wawili."