Ramani ya Badi na Kisima cha Babake

Jamaa zangu wa Shika Adabu hapa Likoni, nanyi wa Kisauni na Changamwe mnaojenga kila uchao kana kwamba mnashindana, nipeni sikio kidogo. Mimi ni Gershom, seremala. Nusu ya milango ya mtaa huu imepita mikononi mwangu, kwa hiyo haya ninayowaeleza sikuhadithiwa. Niliyaona kwa macho yangu na, kwa aibu yangu, niliyapigia misumari.

Nyumba yenyewe ni ya Bi Barke, mjane wa marehemu Mahfudh. Zamani ukipita hapo alasiri ungemkuta barazani na birika lake la chai ya tangawizi, mahamri yamefunikwa kwa kawa, na hukupita bila kukaribishwa. Mwisho wa pili wa kiwanja, kando ya njia hiyo hiyo, palikuwa na kisima. Mahfudh alikichimba mwaka waliooana, na alipokuwa mgonjwa wa kufa aliusia maji yake yasiuzwe kamwe. Alitaka kiwe sadaka yake, thawabu zimfuate kaburini. Bi Barke alilishika neno hilo miaka kumi na tisa. Mabomba yakikauka, na mnajua yanavyokauka, watu walichota kwa Mahfudh, Waislamu kwa Wakristo, na mwenye kuchota akasema Mungu amrehemu.

Basi alasiri moja mwanawe Badi, karani wa ofisi ya kutoa mizigo bandarini, alikuja akaketi pembeni ya mamake. Nami nilikuwepo, nina kikombe mkononi.

"Mama, nyumba hii ya udongo imeinama," alisema. "Nataka nikujengee ya mawe."

Bi Barke alimshika kichwa akamwombea dua. Kisha akasema, "Mimi sitaki makuu, mwanangu. Nataka baraza langu, nataka choo kisichoelekea kibla, na kisima cha babako kisiguswe."

"Inshallah, mama."

Mambo matatu tu. Hata mtoto wa chekechea angeyakumbuka. Yashikeni nanyi, maana Badi hakuyashika.

Mtaani kwetu kuna binti anayeitwa Lavender. Amesomea uchoraji wa ramani za nyumba, na kwao ni milango mitano tu kutoka kwa Bi Barke. Aliposikia habari za ujenzi alimfuata Badi kwa heshima zake zote.

"Kaka Badi, nitakuja na futi nipime kiwanja," alimwambia. "Nijue njia iko wapi, upepo unaingilia wapi, kisima kiko wapi. Halafu nikae na mama anieleze anavyoishi."

"Kuishi kwa mama kunahusu nini ramani?"

"Ramani yenyewe ndiyo hiyo, kaka."

"Itachukua muda gani?"

"Nipe mwezi wa kupima na kuchora. Halafu tungoje kaunti ipitishe."

Badi alicheka. "Mwezi wa kuchora mistari? Mimi ramani ninayo kwenye simu."

Na kweli alikuwa nayo. Rafiki yake mmoja aliwahi kusimamia ujenzi wa nyumba ya tajiri fulani kule Nyali, akampigia picha ramani ya huyo tajiri. Badi aliipeleka ikachapishwa kwenye karatasi kubwa, akawa anatembea nayo mtaani imekunjwa kwapani. Jina la mwenyewe lilikuwa bado pembeni, kwa hiyo alipomwonyesha mtu alilifunika kwa kidole gumba. Miezi miwili mizima kidole kile hakikupumzika. Watu wakasifu, "Mashallah, ramani ya Nyali." Hakuna aliyeuliza nyumba ya mtu wa Nyali inatafuta nini kwenye kiwanja cha mjane wa Likoni.

Fundi mwashi alikuwa Kazungu, kijana mwenye mikono mizuri sana ya kazi. Siku waliyokutana kwa kinyozi kupanga kazi, mimi nilikuwa nje kwenye benchi nangoja zamu yangu. Kazungu aliitazama karatasi akakuna kichwa.

"Bosi, tukijenga hivi mlango wa mbele utatazama ukuta wa jirani. Njia yenu iko upande mwingine."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angemwita Lavender. Badi alifikiri kidogo, kisha akatoa dawa yake. Wakaigeuza karatasi, wakaibana kwenye kioo cha dirisha, jua la nje likapenya, na Kazungu akafuata mistari yote kwa kalamu upande wa nyuma. Kilichokuwa kulia kikaja kushoto. Mlango ukaangukia njiani. Wakapeana mikono. Wamegeuza nyumba nzima kama mtu anayegeuza shati aone kama upande wa ndani ni safi.

Sasa sikilizeni sehemu yangu. Wao walikuwa ndani wakitazama mgongo wa karatasi. Upande wenye maandishi ulikuwa umetazama nje, umenitazama mimi. Niliusoma wote. Niliona gereji ya magari mawili pale ambapo kwetu huwa baraza. Niliona duara la shimo la choo, nikajua kwamba wakishageuza litaangukia upande wa kisima. Nilinyanyuka niseme, kinyozi akaniita zamu yangu, nikaketi ninyolewe. Nilijiambia nitasema kesho.

Nyumba ya udongo ilibomolewa, na Bi Barke akapelekwa kwa dadake Bamburi mpaka mpya iishe. Badi alitaka mamake aje aone kila kitu kimekamilika, afurahi. Kwa hiyo mtu pekee aliyejua nyumba ile inahitaji nini hakukanyaga hapo hata siku moja.

Walipopigilia vigingi vya msingi na kuvuta kamba, Kazungu mwenyewe alisita.

"Bosi, shimo la choo limekuja hatua saba kutoka kisimani. Tulisogeze kule."

"Kule ndiko kwa kuingilia gereji."

"Lakini maji, bosi."

"Fuata ramani, Kazungu. Hiyo imechorwa na msomi."

Hebu niambieni, jamaa. Kugeuza nyumba nzima kwenye kioo cha kinyozi hakukuwa kosa, ila kusogeza shimo moja ndiko kungekuwa kumkosea adabu msomi. Na huyo msomi alichorea kiwanja kikubwa cha Nyali ambacho hakina kisima. Ardhi yetu hapa ni mchanga na matumbawe, maji hupita chini yake kama kwenye chujio. Kila mtu aliyewahi kuchimba anajua. Badi amezaliwa hapo hapo, naye anajua.

Siku ile nilijikaza nikamwambia, "Badi, babako alikichimba kisima hiki kwa mkono wake."

"Mzee Gershom," akajibu bila kuinua macho kwenye simu, "wewe tuangalizie milango."

Milango ilikuwa kumi na mmoja. Ilikuwa kazi ya miezi, na mimi nilikuwa sijapata kazi tangu Ramadhani. Niliangalia milango.

Nyumba iliisha mwezi wa Februari. Bi Barke akarudi na mkoba wake na mswala wake, majirani tukasimama kumpokea. Alisimama mbele ya nyumba akageuza kichwa huku na huku.

"Baraza langu li wapi?"

"Hapo pamekuwa gereji, mama."

"Hini gereji ya gari la nani?"

"Inshallah siku moja, mama."

Alivua viatu. Akaingia ndani, akashika kuta, akasifu mlango mmoja, na mimi nikajua ananihurumia. Kisha akaingia chooni. Alikaa kitambo, akatoka amekunja uso.

"Badi mwanangu, ukikaa mle umekielekea kibla."

"Kwenye ramani kilikuwa sawa, mama."

"Kwenye ramani ya nani?"

Kidole gumba hakikusaidia kitu siku hiyo. Tangu hapo mama yule wa miaka sabini, na magoti yake yale, akawa anakaa upande upande katika choo alichojengewa na mwanawe.

"Na kisima?" aliuliza mwisho.

"Hakikuguswa, mama."

Hapo alisema kweli.

Masika yalipokuja mwaka huo yalikuja kwa nguvu. Shimo lilijaa. Mwanarehema, jirani wa nyuma, alikuwa wa kwanza kusema maji yana harufu, na watu wakamwambia ni majani yameoza. Wiki iliyofuata binti yake mdogo alianza kuharisha, akalazwa hospitali siku sita. Watoto wengine watatu wakafuata. Wote walipona, Mungu ni mwema. Lakini afisa wa afya alikuja, akachota maji kwenye chupa, na majibu yaliporudi aliyasoma mbele yetu sote. Maji ya kisima yalikuwa na kinyesi.

Nilimtazama Bi Barke. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliteremsha ndoo, akavuta, akainusa, akaimwaga mchangani. Kisha akamwambia mwanawe kwa sauti ya chini kabisa, "Babako kule kaburini alikuwa apata kitu kila siku. Yeo hii wewe wamkatia."

Nawaambia, sijawahi kumwona mwanamume mzima akikaa chini vile. Badi alikaa kwenye tope na suruali yake ya ofisini.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa Lavender. Binti alikuja, mtoto wa watu, na futi yake ambayo ingeletwa mwaka mmoja kabla. Alipima, akauliza maswali yale yale aliyotaka kuuliza mwanzo, na Bi Barke akamjibu moja moja. Lavender akamwambia Badi wazi kwamba shimo litafukiwa na jipya lichimbwe kule kwenye gereji, na choo kigeuzwe.

"Na kisima?" Badi aliuliza.

"Kifungwe, kaka. Kipimwe tena baada ya masika mawili, matatu. Siwezi kukuahidi."

"Nikisogeza shimo leo?"

"Ungelisogeza kwenye karatasi, kaka Badi. Huku chini uchafu umeshaingia majini."

Badi alitaka kukimwagia zege, kifunikwe kabisa, asikione tena. Bi Barke alikataa. Aliniita mimi.

"Fundi Gershom, nifanyie kifuniko cha mbao. Kiwe na bawaba na kufuli. Siku Mungu atakayotaka, kifunguke."

Nilikifanya kwa mbao ya mvule niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kitanda changu. Sikutaka malipo, na yeye hakunilazimisha, maana nadhani alijua nililiona kosa mapema. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na sikumbuki kazi iliyoniuma zaidi.

Pitieni hapo alasiri mjionee. Nyumba ni ya mawe, ina gereji iliyochimbwa katikati, haina gari. Baraza hakuna. Bi Barke huweka birika lake juu ya kile kifuniko na kuketi hapo hapo, juu ya maji ya mumewe. Anayepita bado anakaribishwa chai. Maji yake yanaletwa na mkokoteni.

Mafunzo

Ndugu zangu, nimechoka kuwaona mkibeba ramani za watu kwapani. Ramani ya nyumba huanzia kwa atakayeishi ndani yake na kwenye ardhi atakayoishi juu yake, na picha ya simuni haimjui huyo wala haiijui hiyo. Mwiteni mtu aliyesomea, aje apime kwenu, na mumpe muda wake. Akiuliza kisima kiko wapi, msimcheke. Na kabla hajachora mstari, mketisheni na mama wa nyumba, kwa sababu ndiye atakayekaa humo kutwa, si nyinyi mnaorudi kulala.

Na mafundi wenzangu, hili ni letu. Mkiona kosa kwenye karatasi, semeni siku hiyo hiyo, hata kama kazi ni ya milango kumi na mmoja. Mimi nililisoma kosa lile kupitia kioo, herufi kwa herufi, nikaingia kunyolewa. Kila ninapopita kwa Bi Barke ananikaribisha chai, nami naketi, nanywa chai ya maji ya mkokoteni.