Daraja la Mkaguzi

Dereva alisimamisha gari hatua chache kabla ya daraja, akazima injini na kusema anashuka kutazama. Ofisini walimwita Breki, kwa sababu katika miaka kumi na tisa ya kuendesha magari ya idara hakuwahi kugonga hata kuku, na siku hiyo hakuona sababu ya kuanza. Mto ulikuwa umefura. Maji mekundu yalipita chini ya daraja kwa kasi, kutoka kushoto kwenda kulia, yakibeba matawi na magogo.

Mkaguzi wa madaraja, mwanamke aliyekaa kando yake na faili mapajani, alitazama saa. Ilikuwa saa nne asubuhi na walikuwa wamechelewa.

"Daraja hili nimelikagua mimi mwenyewe," alisema. "Hata miezi sita haijaisha. Twende."

Breki aliwasha gari. Nani abishane na saini ya bosi? Walipofika katikati, kitu kililia chini yao, mlio mzito wa zege kupasuka, na nguzo ya pili ikalala upande. Gari liliinamisha pua, likaning'inia kidogo, kisha likazama na watu wake.

Mkanda wa kiti cha Mkaguzi uligoma kufunguka. Breki ndiye aliyeukata kwa kisu, akamsukuma mama wa watu kupitia dirishani, kisha akataka kumfuata. Hapo ndipo bodi la mbele la gari lilipojikunja na kumbana mguu. Aliuchomoa kwa nguvu ambazo baadaye hakujua zilitoka wapi, na mto ukawachukua wote wawili, ukawagonga huku na huku, ukawatupa kwenye matope chini ya miti.

Mkaguzi alitapika maji, akatambaa hadi kwa Breki. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika chini ya goti na mfupa ulichungulia nje ya ngozi. Alivua kizibao chake cha kazini, akakichana, akafunga juu ya jeraha hadi damu ikapungua. Kisha alikata vijiti viwili, akaunyoosha mguu kadiri alivyoweza na kuuzungushia utepe wake wa kupimia, ambao bado ulikuwa kiunoni. Breki alimtukana tusi moja zito, halafu akaomba radhi.

"Tuko ng'ambo ipi?" aliuliza.

Lilikuwa swali la maana. Wakiwa upande waliotokea, barabara ya kurudi mjini ilikuwa karibu. Wakiwa upande wa pili, mbele yao kulikuwa na msitu mtupu wa siku mbili. Jua halikuonekana. Mkaguzi aliugeukia mto akatazama maji: yalitoka kushoto kwenda kulia, vilevile kama walipokuwa wamesimama na gari. Akafurahi. Basi wako upande wa nyumbani, wauache mto mgongoni na kwenda.

Alimbeba Breki begani, nusu akimburuta. Walikwenda hatua ishirini, wakapumzika, wakaenda ishirini nyingine. Baada ya muda mrefu walisikia maji mbele yao. Walitokea kwenye mto, mpana na mwekundu uleule, ila sasa ulitoka kulia kwenda kushoto.

Mkaguzi alisimama akiutazama. Alijiuliza kama wamezunguka, na kama wamezunguka mbona maji yanakwenda kinyume. Alijiuliza kama kichwa chake kilipigwa na gogo. Aligeuka akatazama walikotoka, akageuka tena, na kwa kweli hakujua tena nyuma ni wapi na mbele ni wapi.

"Labda ni mto mwingine," alisema.

"Labda tuko katikati," alisema Breki, ambaye alikuwa ameketi chini na kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kufikiri.

Ndivyo ilivyokuwa. Mto ulikuwa umegawanyika na wao walikuwa kwenye kipande cha msitu katikati yake. Mkaguzi alichomeka kijiti ukingoni apime maji. Muda si mrefu kijiti hakikuonekana tena. Kisiwa kilikuwa kinapungua.

Palikuwa na kichuguu kimoja kikubwa, mahali pa juu kuliko pote. Alimpandisha Breki hapo, akakata majani mapana akinge maji ya mvua wapate ya kunywa, maana ya mto yalikuwa tope tupu. Breki alikunywa kidogo. Homa ilikuwa imeanza, na midomo yake ilitetemeka.

"Unasali kanisani, si ndiyo?" alisema. "Tuombee basi."

Mkaguzi alikuwa mtu wa maombi, tena anayejulikana. Kanisani kwao akishika kipaza sauti watu walikaa vizuri kwenye viti, wakijua wana muda. Alifumba macho akaanza kama alivyozoea. Alimshukuru Mungu, akamkumbusha ibada ambazo hakukosa, kamati ya ujenzi aliyoiongoza, wagonjwa aliowatembelea. Maneno yalitoka lakini aliyasikia kama ya mtu mwingine, na kila alipotaka kuendelea aliliona daraja.

"Dada, unamsomea nani ripoti?" Breki aliuliza.

Mkaguzi alifumbua macho. Kisha akamwambia.

"Sikuzikagua nguzo. Siku ile chini kulikuwa na matope, na mimi nilikuwa na viatu vipya. Nilisimama juu, nikaandika nguzo ni nzima, nikasaini."

Mvua iliendelea kunyesha juu yao. Hatimaye Breki aliuliza polepole, kama anayetaka kuwa na hakika amesikia vizuri, kama ni kwa sababu ya viatu. Mkaguzi alisema ndiyo.

"Basi usiniombee," Breki alisema, akageuza uso.

Neno hilo lilimuuma kuliko kama angetukanwa. Giza lilipoingia maji yalikuwa yamefika chini ya kichuguu. Usiku kucha Mkaguzi alisimama ndani ya maji, amemzungushia Breki mikono asiteleze. Breki hakumfukuza, ila hakumsemesha pia. Alfajiri maji yalimfika kiunoni, mikono imekufa ganzi, na aliyemshika alikuwa anaweweseka, akiwaita wanawe na kuwaambia wafunge mlango.

Alitaka kuomba na hakujua aanzie wapi. Asifu, kwa mdomo upi? Ashukuru kwa lipi, wakati mtu aliyemwokoa anakufa mikononi mwake? Aahidi atakuwa mwema? Alikuwa ameahidi hivyo mara nyingi, na siku aliyosaini daraja alitokea kwenye ibada. Alijipekua moyoni akitafuta kitu kimoja safi cha kumpelekea Mungu, na hakukipata. Aliogopa. Hakuogopa tu kufa. Aliogopa kwamba ameshafukuzwa, na kwamba hata akipiga kelele hakuna atakayefungua.

Kila maombi ya maisha yake alikuwa akiyafunga kwa maneno yaleyale, kwa jina la Yesu, harakaharaka, kama karani anavyogonga muhuri chini ya barua ambayo tayari imeshaandikwa yote. Safari hii barua haikuwepo. Akaanzia hapo.

"Kwa jina la Yesu," alisema, na meno yanagongana. "Sina kingine. Nimemuua huyu kwa uvivu wangu, na sina cha kulipia. Wewe ulikufa kwa ajili ya watu kama mimi. Nipeleke kwa Baba, mimi peke yangu sifiki. Usimwache huyu."

Akangoja. Hakusikia sauti. Hakuhisi joto wala amani ile inayosimuliwa kwenye ushuhuda. Alichogundua ni kitu kidogo cha ajabu, kwamba hakuwa tena anatafuta la kujitetea, na hakuelewa lini ameacha. Alilia huku amemshika Breki. Maji yalipanda kidole kimoja zaidi, yakasimama. Kama yalisimama kwa sababu ya maombi au kwa sababu mvua ya milimani ilikatika jana yake, hakujua, na hajui hadi leo.

Saa tatu asubuhi watu wa barabara walifika kwa mipira ya matairi ya trekta na kamba ndefu. Walikuwa wamefuata vipande vya daraja mtoni. Walimfunga Breki juu ya mpira, wakamvusha, kisha wakamrudia Mkaguzi, ambaye vidole vyake ilibidi vifunguliwe kimoja kimoja.

Msimamizi wao alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Alimvika Mkaguzi koti, akamwambia asijisumbue na maelezo, yeye ameshapiga simu makao makuu na kuandika chanzo: mafuriko. Wakubwa wameridhika. Kila mtu anajua mvua ya mwaka huu haina adabu.

Mlango wa kukwepa lawama ulikuwa wazi kabisa na hakuna aliyekuwa akimsukuma popote. Breki alilala kwenye machela hatua mbili tu kutoka hapo, macho nusu wazi.

"Futa," Mkaguzi alisema. "Andika nguzo hazikukaguliwa. Andika aliyesaini ni mimi."

Msimamizi alimweleza, kwa upole kama anavyoelezwa mgonjwa, kwamba hiyo ni kazi kupotea, na huenda ni jela. Mkaguzi alisema anajua. Alisimama papo hapo hadi kalamu ilipopita juu ya neno mafuriko.

Wabebaji wanne waliinama kuinua machela. Breki alinyoosha mkono, akamgusa yule wa mbele kushoto, akamwomba ampishe dada yake ashike hapo.

"Na njiani uniombee," alimwambia Mkaguzi. "Ila fupi."

Mkaguzi alishika mpini, wakaanza kupanda.