Tabibu Aliyekufa Darajani

Jumamosi asubuhi kazi yangu ni kuokota pini. Mama ni fundi wa kushona nguo, na wiki nzima pini zinamdondoka hata mwenyewe hajui. Basi napita chini ya meza yake na sumaku niliyoifunga kwenye uzi, nikizivuta moja moja. Kisha nafagia vipande vya vitambaa na kupanga vifungo kwenye makopo kufuata rangi. Nikimaliza, Mama hunitazama juu ya miwani yake na kusema, "Haya, nenda kwa watu wako wa kufikirika. Na wewe uwape nafasi ya kuongea!"

Mtaani wananiita Cherehani. Wengine hudhani ni kwa sababu ya kazi ya Mama. Wapi! Ni kwa sababu nikianza kuongea sina breki.

Watu wa kufikirika wanaishi katika chumba cha nyuma cha maktaba ya mtaa wetu. Hapo tunacheza mchezo usio na ubao wala karata. Mtu mmoja ni msimulizi. Anasema, kwa mfano, mmefika msituni, na jitu limelala katikati ya njia. Kila mchezaji ana mhusika wake, na anaeleza mhusika huyo anafanya nini. Jambo likiwa gumu unarusha dadu yenye pande ishirini. Ukipata namba kubwa umefaulu. Ukipata moja, pole yako.

Msimulizi wetu ni Fundi Saa, ambaye kibanda chake cha kutengenezea saa kiko kwenye lango la maktaba. Ana kioo kidogo cha kukuzia anachokivaa jichoni. Mara nyingi hukisahau kwenye paji la uso, akaanza kukitafuta mezani huku sisi tukijiuma midomo. Wachezaji tuko watatu. Kuna mimi. Kuna Profesa, mvulana anayejua kanuni zote kwa moyo na kumsahihisha hata Fundi. Na kuna Nukta, msichana wa miaka kumi, mdogo wa umbo, ambaye mhusika wake ni mwizi aitwaye Kidole Chepesi. Nukta mwenyewe hawezi kuchukua hata karanga bila kuomba.

Hadithi yetu inaitwa Safari ya Nchi Tisa, na inachezwa katika miji mingi kwa pamoja. Meza ni nyingi lakini nchi ni ile ile. Meza moja ikichoma kijiji, kijiji kimeungua kwa watu wote. Ndiyo maana kila mchezaji ana daftari la safari, na kila tukimaliza mchezo msimulizi hutia sahihi chini ya yaliyotokea. Mara moja kwa mwaka wachezaji wote hukutana kwenye kongamano, na daftari lako ndilo linaloonyesha unastahili kukaa meza ipi. Waliofika ngazi ya tano hukaa Meza Kuu, jukwaani, mbele ya ukumbi mzima. Lakini mhusika wako akifa, unaanza upya ngazi ya kwanza na mwingine.

Mhusika wangu aliitwa Tabibu. Alikuwa bibi kizee mwenye mguu mmoja mfupi. Aliwagombeza majini mpaka wakaona haya, halafu akawafunga vidonda vyao. Kila alipotaka kusema jambo la maana alikohoa kwanza. Sikumbuni kutoka hewani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa hivyo hivyo, na alifariki mwaka juzi. Mezani Tabibu nilimwakilisha kwa kifungo kikubwa cha kahawia kilichotoka kwenye koti lake. Nilipomchezesha Tabibu nilisikia sauti ya Bibi ikitoka kinywani mwangu, na kwa saa tatu kila Jumamosi nilikuwa naye tena. Tulikuwa tumefika ngazi ya tano, mimi na yeye.

Sasa sikilizeni nilivyoharibu.

Jumamosi moja kabla ya kongamano, Profesa alikuwa nyumbani na homa, tukacheza wawili. Tulikuwa tunakimbia jeshi la mfalme mbaya, na mbele yetu palikuwa na daraja la kamba. Mimi nilivuka. Kidole Chepesi akanasa mguu katikati ya mbao.

"Tabibu anarudi," nilisema.

Fundi Saa aliniangalia. "Kamba zimebaki mbili, mwanangu. Una hakika?"

Sikufikiri hata kidogo. Bibi angerudi. Nikarusha dadu, nikapata kumi na saba, nikamsukuma Kidole Chepesi hadi ng'ambo. Nukta akapiga kelele za furaha. Nikarusha tena ili nijiokoe mwenyewe. Dadu ikazunguka, ikagonga kikombe cha Fundi, ikatulia. Moja.

Fundi Saa alisimulia polepole jinsi kamba zilivyokatika, na jinsi Tabibu alivyokohoa, akaanza kusema jambo, mto ukamchukua. Nukta alilia waziwazi, kamasi na yote. Mimi nilikaa kimya, na ninyi mnajua mimi si mtu wa kukaa kimya.

Wakati huohuo mteja akagonga dirisha akitaka saa yake. Fundi akainuka. "Cherehani, andika matokeo kwenye daftari lako, nikirudi nitatia sahihi."

Nilishika kalamu. Nikaandika neno "Tabibu". Kisha mkono ukaenda wenyewe: "alianguka mtoni, akajeruhiwa, akatoka salama." Nukta alikuwa ameenda kunawa uso. Fundi Saa aliporudi alishusha kioo chake jichoni, akainamia daftari. Mkono wake ulisimama kidogo. Kisha akatia sahihi, akanirudishia.

Tulipotoka, Nukta alinishika mkono. "Utatengeneza mhusika mpya?"

"Tutaona," nikamjibu, nikaharakisha hatua.

Wiki hiyo nililala vibaya. Profesa alipopona aliniuliza Tabibu amefikia wapi. Nikamwambia, "Alijeruhiwa tu." Akafurahi, maskini, akanikumbusha kwamba kwa mujibu wa kanuni nikaanze mchezo nikiwa na nusu ya nguvu. Njia ya mwongo ni fupi, Mama husema, lakini mimi nilidhani yangu ingenifikisha japo jukwaani.

Kongamano lilikuwa kwenye ukumbi wa shule ya sekondari. Meza arobaini zilikuwa zimepangwa, na kelele za dadu zilikuwa kila upande. Kwenye ukuta mmoja palibandikwa ramani ya Nchi Tisa, kubwa kuliko shuka la kitanda, na pembeni yake orodha ndefu yenye kichwa "Waliotangulia". Hayo yalikuwa majina ya wahusika waliokufa mwaka huo. Nilipita haraka bila kuisoma. Mezani kwa waandikishaji walifungua daftari langu, wakaona ngazi ya tano, wakanipa kadi ya Meza Kuu.

"Cherehani!" Nukta alikuja akikimbia. Kola ya shati lake ilikuwa imefungwa kwa pini. Alifungua kiganja chake, na ndani palikuwa na kifungo kidogo cheupe.

"Kwa ajili ya mhusika wako mpya," alisema. "Najua cha kahawia kilikuwa cha Tabibu, huwezi kumpa mtu mwingine. Nikakata hiki cha shati langu."

Nilikipokea. Kadi ya Meza Kuu nilikuwa nimeificha nyuma ya mgongo.

Kabla ya michezo kuanza, msimamizi wa kongamano, mkutubi mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, alipanda jukwaani na sanduku la mbao. Ni desturi ya kongamano kwamba mchezaji yeyote mwenye wasiwasi anauandika na kuutumbukiza humo, na unasomwa mbele ya wote.

"Wa kwanza," alisoma. "'Msimulizi wetu wa mwaka jana alikuwa anasimulia huku anatafuna. Mpaka leo sijui kama tulipigana na joka au na dobi.'" Ukumbi ukacheka. "Wa pili. 'Sisi wageni tukiwekwa meza moja na wazoefu, hatupewi nafasi ya kuongea.' Hilo ni la kweli, tutalirekebisha leo hii." Profesa alinitazama kwa jicho la pembeni. Nikajifanya sioni.

Kisha msimamizi akafungua karatasi iliyokunjwa mara nyingi sana, akaisoma kwanza kimya.

"'Mimi nina miaka kumi. Wasiwasi wangu ni huu. Mtu akifa kwa kumwokoa mwenzake, anaandikwa wapi? Tabibu wetu alikufa darajani Jumamosi ili mimi nivuke. Nimesoma orodha yote mara mbili na hayumo. Naogopa atasahaulika.'"

Nawaambia, nilisikia masikio yangu yakiwaka moto. Profesa aligeuka taratibu akanikodolea macho, mdomo wazi.

"Msimulizi wa meza hiyo yupo?" msimamizi aliuliza.

Fundi Saa alisimama, kioo kikiwa kwenye paji la uso. "Nipo," alisema. "Lakini habari yenyewe anayo mchezaji wake. Nadhani atapenda kuieleza mwenyewe." Akaketi. Hakunitazama hata mara moja.

Ningeweza kubaki pale pale. Lakini kifungo cha Nukta kilikuwa kiganjani mwangu, na nilikuwa nimekibana hadi kikanichoma. Mtoto amekata kifungo cha shati lake, na mimi namwibia Bibi yangu jambo jema kuliko yote aliyoyatenda! Nilisimama. Nikapanda jukwaani.

"Naitwa Cherehani," nilisema. "Tabibu ni mhusika wangu. Alikufa kweli. Nilirusha moja. Niliandika kwamba alipona, kwa sababu... kwa sababu nilikuwa nimeshampoteza mara moja, sikutaka mara ya pili." Machozi yalinishuka na sikuyafuta. "Kadi hii si yangu. Nisameheni. Nukta, nisamehe wewe kwanza."

Msimamizi aliichukua kadi kwa upole. Fundi Saa alikuja jukwaani na daftari langu. Alitoa mfukoni kifutio, akafuta sahihi yake ya Jumamosi ile, ikatoka bila kuacha alama. Nikabaki nimeduwaa. Sahihi zake nyingine zote zilikuwa za wino wa buluu. Ile ilikuwa ya penseli, na mimi mwenye macho mawili sikuiona.

"Ulijua!" nilimwambia.

"Nilimuua mimi mwenyewe, nisijue?" alisema. "Ningeweza kukuumbua siku ile ile. Lakini saa iliyokwama haipigwi nyundo, unaipa muda kidogo uone kama itaamka yenyewe. Kama usingesimama leo, ningesimama mimi." Kisha akatabasamu. "Wahenga wanasema mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Wewe mwenzetu umevuka mpaka, umeficha kifo chenyewe!"

Nilicheka na kulia kwa pamoja, na hiyo si kazi rahisi, jaribuni.

Kiti changu cha Meza Kuu kilipewa mtu mwingine, na ilikuwa haki. Nilikiona kikikaliwa, na roho iliniuma kwelikweli. Profesa alikuja na kununa kwake. "Ulinidanganya mimi," alisema. Nikamwomba radhi. Alifikiri, akasema hakuna kanuni inayomlazimisha kunisamehe siku hiyo hiyo, kwa hiyo angenisamehe Jumatatu. Alinisamehe Jumapili.

Nukta alishika kiti, mimi nikapanda, nikaandika mwishoni mwa orodha: "Tabibu. Alirudi darajani kumchukua mwenzake." Nikabandika kifungo cha kahawia kando ya jina lake. Halafu tulikwenda meza ya wageni, ya mwisho kabisa karibu na mlango, nikaanza upya katika ngazi ya kwanza. Mhusika wangu mpya alikuwa kifungo cheupe kisicho na jina wala ujuzi. Kidole Chepesi alimfundisha kupanda ukuta. Nami, mniamini msiniamini, niliwaacha wageni waongee.

Jioni nilimleta Nukta nyumbani. Mama alimsimamisha karibu na taa, akachagua kifungo kwenye kopo, akaanza kukishona kwenye kola huku mimi nikimweleza yote, bila kuruka kitu. Nilidhani angenigombeza. Alikata uzi kwa meno.

"Mwanangu," alisema, "na mimi namkosa. Kuna siku nasikia mtu anakohoa barabarani, nageuka. Lakini mtu tunayempenda hatumtunzi kwa uongo. Ukiudanganya mwisho wake, umefuta na wema wake, maana huyu mtoto hapa alivuka kwa sababu yule alibaki. Sema ukweli hata ukikugharimu kiti. Bibi yako hakuhitaji kiti. Alihitaji mtu wa kumsimulia alivyokuwa, na mdomo unao."

"Tena hauna breki," alisema Nukta.

Mama alicheka mpaka sindano ikamdondoka. Nikachukua sumaku yangu, nikaingia chini ya meza kuitafuta.