Aliyeishi Kwenye Tofauti

Nilikuwepo. Wengine watakwambia walisimuliwa. Mimi Fortunato, mpishi wa kituo cha rada katika korongo kavu nje ya Lima, niliona yote kwa macho yangu haya, mwiko mkononi.

Kilianza kitu kidogo tu. Kila mchana, rada iliporusha mawimbi kwenye ionosfia, ile hewa ya juu kabisa yenye umeme, mwangwi ulirudi kutoka mahali ambapo hesabu za kompyuta zilisema hapana kitu. Mhandisi Nélida aliichukia tofauti ile kama unywele kwenye mchuzi. Mkataba wake ulikuwa ukingoni. Utabiri usipolingana na rada, hapati mwingine.

"Iache, mke wangu," alisema Abundio, fundi wa antena, mumewe. "Hata mbingu ina haki ya chumba cha siri."

"Wewe kaza skrubu zako!"

Akarekebisha hesabu, akarekebisha tena, mpaka adhuhuri moja mistari miwili kwenye skrini, wa hesabu na wa rada, ikalaliana kama mmoja. Tukapiga makofi. Nikamwagia ardhi pombe ya mahindi kidogo, kama desturi yetu ya kuiheshimu. Vumbi likakataa kuinywa.

Ndipo Abundio akaingia kutoka nje, ananuka nywele zilizoungua, akasema kwa sauti ya watu wengi, "Mmenivunjia nyumba," na spika zote zikaanza kupumua pamoja naye, taratibu, na kivuli chake, ambacho kwa jua lile la utosi kilipaswa kujificha chini ya viatu, kikatambaa sakafuni, kikapanda ukuta, kikapanda, kikafika darini, kikaanza kuinama juu ya kichwa cha Nélida.

Nikamkimbilia Mama Saturnina, mganga. Alimpangusa Abundio mwilini kwa simbilisi hai, mnyama mdogo kama panya asiye na mkia, ili avute ugonjwa. Mnyama akafa kabla hajafika kifuani.

"Mwanangu," mganga alimnong'oneza Nélida, "huyu aliyemwingia mumeo alikuwa akikaa pale hesabu zenu zilipokosea. Mrudishie kosa lake."

"Nikirudisha, kazi ndiyo basi, mama."

"Na usiporudisha?"

Abundio akacheka, midomo imefumbwa.

Nélida akafuta marekebisho yote huku analia. Mistari ikaachana. Abundio akaanguka, akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Siku hizi wanauza kuku wa kuchoma mjini, mume na mke, na biashara inakwenda.

Yote ni kweli tupu. Haya, moja nimelitia chumvi, maana watu hupenda hadithi iishe salama. Maji aliomba. Ile sauti kuwa yake, hilo nimelizua mimi.