Kidani cha Nyuso Mbili

Sikitu anakaa Muheza, kwenye nyumba yenye mlango wa buluu. Anakaa na Mama, Shangazi Hidaya, na mdogo wake, Chande.

Chande ana miguu miwili tu. Lakini anavyokimbia, utadhani anayo minne!

Kesho asubuhi Mama anasafiri. Anakwenda Dodoma kusomea uuguzi. Dodoma ni mbali, na Mama hatarudi mpaka likizo.

Simu ya Mama ni kitochi. Inapiga, inapokea, basi. Haina picha hata moja.

"Sasa Mama atatuonaje?" Sikitu akauliza. Moyo ulimuuma.

"Tumtengenezee kidani," akasema Shangazi. "Tuchore vivuli vya nyuso zenu. Atawavaa shingoni."

Sikitu akaruka juu. "Leo leo, Shangazi! Kabla Mama hajarudi kutoka sokoni!"

Sikitu akasimama dirishani, akageuka upande. Nje jua linawaka. Shangazi akampiga picha kwa simu yake kubwa. Chwi!

Uso wa Sikitu ukatoka mweusi, kivuli kitupu. Pua ipo. Kidevu kipo. Hata mabutu ya nywele yapo!

Bado Chande. Sikitu akaishika simu mwenyewe.

"Tuli, Chande, tuli!
Kama mtungi wa maji, tuli!"

Pwata, pwata, pwata! Chande huyooo, kakimbia. Chwi! Picha ikatoka sikio tu.

"Tuli, Chande, tuli!
Kama mtungi wa maji, tuli!"

Pwata, pwata, pwata! Chande huyooo, uani. Chwi! Picha ikatoka kisigino tu.

Akajaribu tena. Safari hii Chande akaingia uvunguni. Chwi! Picha ikatoka ukuta mtupu. Hata Chande mwenyewe hayumo!

Sikitu akakaa chini. Machozi yakamlengalenga. "Shangazi, Mama ataondoka na uso wangu tu. Wa Chande hautakuwepo."

"Usilie, mwanangu. Ngoja kwanza niweke mboga jikoni."

Shangazi akavunja nazi. Ko! Akakaa juu ya mbuzi. Si yule mbuzi wa kula majani. Ni mbuzi ya kukunia nazi, yenye meno ya chuma.

Kwaru, kwaru, kwaru.

Uvunguni, Chande akasikia. Pwata, pwata, pwata! Akaja mbio, akasimama mlangoni, mbele ya Shangazi. Anaijua hiyo sauti. Ukisubiri vizuri, unapewa nazi.

Chande akafungua mdomo, aaa! Akasubiri. Hakutikisika hata kope.

Sikitu akanyata na simu. Akanong'ona:

"Tuli, Chande, tuli.
Kama mtungi wa maji, tuli."

Chwi!

Picha imetoka! Pua ipo, kidevu kipo. Lakini lo! Mdomo uko wazi, wazi kabisa.

"Imeharibika," Sikitu akasema. "Ameachama."

Lakini Chande kashapewa nazi yake. Pwata, pwata, pwata! Hayupo tena.

"Basi tutumie hiyo hiyo," akasema Shangazi.

Shangazi akakata kipande cha kifuu cha nazi ile ile, cha duara. Akatoboa tundu la uzi. Sikitu akakisugua kwa msasa. Shwa, shwa, shwa. Kikawa laini.

Shangazi akazipunguza picha, kila uso ukawa mdogo kama haragwe. Sikitu akaweka karatasi nyembamba juu ya simu. Akafuatisha kwa penseli, polepole, ulimi nje. Huyu Sikitu. Huyu Chande. Wanatazamana.

Akazipaka nyuso rangi nyeusi tii. Wakakata karatasi, wakaibandika kwenye kifuu kwa gundi. Juu yake Shangazi akapaka rangi ya kucha, ile ya kung'arisha tu. Wakatia uzi.

"Hodi!" Mama huyo amerudi!

Sikitu akafungua kiganja. Mama akakitazama kidani.

"Huyu ni Sikitu wangu, na mabutu yake!"

Sikitu akabana pumzi. Je, atamjua Chande?

Mama akaanza kucheka. Akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Na huyu ni Chande wangu! Anasubiri nazi!"

"Umemjua, Mama?"

"Nitaachaje kumjua? Ndivyo alivyo! Nikiwa mpweke huko, nitamtazama na nitacheka."

"Nimeweza!" Sikitu akapiga kelele. "Nimeweza! Nimeweza!" Akacheza sebule nzima. Shangazi akapiga vigelegele. Chande naye akacheza, ingawa hajui kwa nini.

Usiku Mama akalala katikati, kidani shingoni.

"Mama, hutakivua?"

"Sikivui. Darasani nitakuwa nanyi. Kitandani nitakuwa nanyi."

Sikitu akakigusa kidani kwa kidole. Akafurahi, akafumba macho.

Na Chande je?

Tuli, Chande, tuli.
Kama mtungi wa maji, tuli.

Amelala fofofo. Mdomo wazi!